Nimeshachomwa "dawa ya farasi" mara nane, chupa nimeisoma leo. Wajuvi njooni

#1 Vyuma na Maharage

Wakuu habari za jioni.

Nianze kwa kukiri kuwa nimefanya ujinga, kwa hiyo wa kunitukana watukane kwenye aya hii ya kwanza halafu tuendelee.

Nina miaka 27, naishi Temeke, napiga chuma mwaka wa tatu huu. Mikono imejaa, mgongo umekaa, kifua kimegoma kabisa. Kocha wa jimu yetu akaniambia tatizo langu si mazoezi wala ugali, ni homoni, na kwamba anacho kitu cha kistaarabu. "Hii siyo zile za kumvimbisha mtu wiki mbili halafu anasinyaa. Hii inaingia polepole, inatoka polepole, haina makeke." Chupa ndogo ya mafuta ya njano, elfu themanini. Alikuwa ananichoma mwenyewe, takoni, kila Jumatatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kwanza anaipasha chupa kwapani ili mafuta yalainike, anapiga stori za Simba na Yanga, halafu chwaa.

Jumatatu iliyopita ilikuwa ya nane. Siku hiyo alikuwa na haraka, akaniachia chupa niende nayo nyumbani. Nikaiweka juu ya friji. Leo mdogo wangu wa kike kaishika, kaigeuza, kaniuliza, "Kaka, kwani sisi tuna farasi?"

Lebo ina kichwa cha farasi. Chini yake jina, boldenoni undesilenati, na kwa Kiingereza kuwa ni kwa matumizi ya farasi tu.

Kifua kimeongezeka, siwezi kukataa. Lakini mgongo umejaa chunusi kama mtoto wa kidato cha pili, usiku naloweka shuka kwa jasho, na kichwa kinanigonga nikiamka. Naomba kujua hii kitu ni nini hasa, nikiacha leo inatoka lini, na nikienda hospitali nianzie wapi kuongea. Nimeshindwa hata kumwambia shemeji yenu.

#2 Kigoda Cha Mbele

Mkuu ukianza kutamani majani utujulishe.

#3 Mzee wa Supu

Farasi wenyewe hapa Dar nimewaona wale wa polisi tu, kikosi cha mbwa na farasi. Kumbe dawa zao zinaishia Temeke.

#4 Kigoda Cha Mbele

Ben Johnson wa Temeke 😂 Si ndiyo hii hii ilimuangusha Seoul?

#5 Bwana Mifugo

Hapana. Ben Johnson, yule mkimbiaji wa Kanada, kwenye Olimpiki ya 1988 alikutwa na stanozoloni. Ukoo mmoja wa steroidi za kujenga misuli, mtoto mwingine.

Mleta uzi, mimi ni daktari wa mifugo, si wa watu, kwa hiyo nitazungumzia chupa, mwili wako atakuja kuuzungumzia mwenye taaluma yake.

Boldenoni ni testosteroni, homoni ya kiume, iliyonyofolewa haidrojeni mbili tu. Ukiangalia mchoro wake wa kikemia unaweza kupitiliza usione tofauti: kaboni ya kwanza na ya pili zimefungwa kwa kifungo maradufu badala ya kimoja. Badiliko hilo dogo linapunguza nguvu zake za kuotesha ndevu na kufanya sauti iwe nzito, linabakiza za kujenga nyama. Linapunguza, halifuti. Ciba, kampuni ya dawa ya Uswisi, ilisajili hataza ya dawa hiyo 1949. Hao hao ndio waliotoa Dianabol, na Dianabol ni boldenoni hiyo hiyo iliyoongezwa kipande kimoja ili mtu aweze kuimeza kidonge.

Sasa njoo kwenye neno la pili la lebo yako, undesilenati. Hapo ndipo kocha wako alipopata ule wimbo wa polepole. Boldenoni tupu ukimchoma mnyama inakwisha haraka. Wakaifunga mkia wa mafuta wenye kaboni kumi na moja. Asidi ya kutengenezea mkia huo inatokana na mafuta ya nyonyo, haya haya bibi zetu waliyotupaka kichwani. Ikishafungwa mkia, dawa inapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo ukiichoma kwenye nyama inakaa pale pale kama kibubu. Kila siku inachuruzika kidogo kuingia kwenye damu, vimeng'enya vinaukata mkia, boldenoni inaachiliwa.

Hesabu yake ni ya nusu kwa nusu, kila wiki 2 hivi. Ukichoma leo, baada ya wiki 2 imebaki nusu, wiki ya 4 robo, wiki ya 6 thumuni. Ukifika wiki ya 10 bado kuna sehemu 1 kati ya 32. Hiyo ni kwa sindano moja. Wewe kila Jumatatu ulikuwa unaongeza kibubu juu ya kibubu ambacho hakijaisha.

Na kitu kimoja kimenikera. Lebo ya Equipoise, ambayo ndiyo jina lake maarufu, ilitoka kwa Squibb wa Marekani kwa ajili ya farasi aliyedhoofika: amekonda, manyoya yamefifia, hali chakula. Inasema unaweza kurudia kila baada ya wiki 3, na farasi wengi wanatosheka na sindano moja au mbili. Mnyama wa kilo mia tano! Wewe umepigwa nane mfululizo, na hukuwa umedhoofika.

#6 Mzee wa Supu

Daktari, kwa hiyo haijawahi kuwa ya watu kabisa?

#7 Bwana Mifugo

Iliwahi, kwa muda mfupi. Miaka ya mwisho ya 1960 iliuzwa kwa binadamu kwa jina la Parenabol. Haikufika mwisho wa miaka ya 1970, ikaondolewa. Iliyobaki ndiyo hiyo yenye kichwa cha farasi.

#8 Baunsa Mstaafu

Mnamtisha dogo bure. Mimi nimelinda milango ya klabu hapa mjini miaka 9, hiyo kitu nimetumia mwaka mzima na zaidi, sijafa, sijaota mkia. Shida yenu mnasoma sana mitandao. Kunywa maji mengi, kula mayai, maliza mzunguko wako.

#9 Dirisha la Dawa

Baunsa, kaka yangu, kabla hujamshauri mwenzako amalize, wewe mara ya mwisho kupima damu ni lini?

#10 Baunsa Mstaafu

Nipime ya nini na siumwi.

#11 Dirisha la Dawa

Haya. Mimi ni mfamasia, naandika nikiwa zamu, kwa hiyo nitakatika katika.

Mleta uzi, hicho kichwa kinachogonga asubuhi usikitibu kwa panado ukalala. Dawa za ukoo huu zinauchochea mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi kupita mahitaji, na boldenoni inajulikana sana kwa hilo. Damu inakuwa nzito kama uji uliokosa maji. Kuna kipimo kinaitwa hematokriti, ni asilimia ya damu yako ambayo ni chembe nyekundu. Mwanaume wa kawaida yupo kwenye 41 hadi 50. Hata wagonjwa wanaopewa testosteroni kihalali na daktari, ikivuka 54 miongozo inasema wasimamishwe. Damu nzito ndiyo inayoganda mahali isipotakiwa: mguuni, mapafuni, kichwani. Na Baunsa, hiyo haiumi. Ndiyo maana nimekuuliza.

Mengine: kolesto nzuri inashuka, presha inapanda, na moyo nao ni msuli, unanenepa kwa namna usiyoitaka.

Halafu kuna kiwanda cha chini. Kwa kawaida ubongo unatuma homoni mbili, LH na FSH, kuziambia korodani zifanye kazi. Ukimwaga homoni ya nje, ubongo unaona ghala limejaa, unawaambia wakulima wapumzike. Wanapumzika kweli. Korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua hadi zinaweza kufika sifuri. Na kwa sababu yako ina mkia mrefu, ghala litaonekana limejaa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Hapo ndipo "inatoka polepole" inapogeuka. Mtu aliyemeza kidonge kibaya anaacha leo, kesho kutwa kimetoka. Wewe ukiacha leo bado unatumia.

Hospitali nenda daktari wa magonjwa ya ndani. Usizunguke, mwambie: "Nimechomwa boldenoni wiki nane, hii hapa chupa." Chupa uibebe. Ataomba FBP (picha kamili ya damu), ini, figo, kolesto, presha, na akiona inafaa homoni na mbegu. Kuhusu aibu, sisi watu wa afya tumeshaona vitu vilivyokwama sehemu usizotaka kuzijua, sindano ya farasi haitamshangaza mtu.

Na kocha akikuletea dawa ya "kusafisha" au "kuamsha", usipokee. Hizo zina kazi yake, ila anaziandika daktari baada ya kuona majibu.

#12 KipRono wa Mlimani

Habari zenu watu wa Bongo. Mimi niko Eldoret, nakimbia. Wacha niseme tu kitu moja kwa wale wanafikiria mashindano. Boldenoni iko kwa orodha ya WADA, shirika la dunia la kupinga dawa za michezo, kundi S1, haikubaliki wakati wowote, hata kama ni msimu wa kupumzika. Ikipatikana kwa mkojo wako mara ya kwanza, adhabu ya kawaida ni miaka 4. Huku kwetu tangu sheria ya 2016 tuko na ADAK, wakala wa Kenya wa kazi hiyo hiyo, wanakuja kwa nyumba saa kumi na moja asubuhi ukiwa bado na usingizi. Na hii yenu yenye mkia wa mafuta inaonekana miezi mingi baadaye. Ukitaka dawa ya kukushtaki, hiyo ndiyo.

#13 Kigoda Cha Mbele

Lakini si mwili unaitengeneza wenyewe? Nimesoma mahali.

#14 KipRono wa Mlimani

Kuna watu wachache inaonekana kidogo sana, bakteria wa tumbo wanaweza kuitengeneza. Ndio maana maabara wanapima aina ya kaboni yenyewe, ile ya kiwandani ni tofauti na ya mwili. Huwezi kuwadanganya na hiyo hadithi. Jenrry Mejía, mrusha mpira wa besiboli wa New York Mets, alijaribu maisha: 2015 alikamatwa mara mbili, ya pili boldenoni ikiwemo, Februari 2016 akakamatwa tena na boldenoni, akapigwa marufuku ya maisha. Baadaye 2018 walimlegezea. Lakini miaka yake mizuri ilikuwa imeenda.

#15 Mpemba wa Zizini

Assalaam alaykum. Mie niko Oman mwaka wa sita, kazi yangu farasi. Sijui kemia ila mnyama namjua.

Farasi akichomwa vitu hivi unamjua kabla hujaambiwa. Jike linaanza kujifanya dume, linapanda wenziwe, linang'ata. Dume ndio usiseme, ukimfungulia mlango ukae ubavuni, si mbele. Shingo inatuna. Sasa huyo ni mnyama anafungwa kamba. Ndugu yetu ana mke nyumbani.

Wakubwa wa mbio walishalikataa jambo hili zamani. Zamani Marekani boldenoni ilikuwa moja katika nne zilizoruhusiwa, pamoja na nandroloni, stanozoloni na testosteroni, nazo zikabanwa toka 2008. Na 2013 kule Newmarket, Uingereza, mwalimu wa farasi wa Godolphin, zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, Mahmood Al Zarooni, alifungiwa miaka 8 kwa kuwapa farasi steroidi. Mwalimu wa Sheikh! Huyo kocha wenu wa Temeke nani atamfungia?

#16 Vyuma na Maharage

Nimesoma zote. Mpemba umenigusa, maana wiki iliyopita nilimrushia konda wa daladala chenji usoni kwa ajili ya shilingi mia. Sijawahi kuwa hivyo. Kesho naomba ruhusa kazini niende.

#17 Binti wa Mkwakwani

Sikuwa na nia ya kuandika, mimi huwa nasoma tu humu. Lakini Baunsa amesema "sijafa" nikaona niseme.

Mume wangu alikuwa mtu wa chuma toka tupo wachumba, hapa Tanga. Tumeoana, mwaka wa kwanza hakuna kitu, mnasema Mungu atajalia. Mwaka wa pili mama mkwe akaanza kuja na majani. Nimekunywa mizizi ambayo mpaka leo nikipita sokoni nikasikia harufu yake mate yanajaa mdomoni. Nimepigwa picha ya mirija. Nimepimwa homoni mara tatu. Kila hospitali naambiwa mama uko sawa, mlete mzee. Mzee hataki. "Mimi nipime nini, hunioni?" Na kweli ukimwona, mwanaume kajaa mlangoni. Nani angefikiri ni yeye? Kwenye shughuli wanawake walikuwa wakinipa watoto wao nishike, halafu wananiangalia ninavyowashika.

Siku moja natafuta kopo la kuwekea unga wa sembe. Nikachukua kopo lake la protini, lile kubwa jeusi, nikadhani tupu. Ndani kuna chupa sita, nne zimeisha, na sindano zimefungwa kwenye soksi. Kichwa cha farasi hicho hicho anachosema mleta uzi.

Sikupiga kelele. Nilizipanga mezani, moja moja, kwenye kitambaa cha chai. Alipoingia akaziona, akakaa chini bila kuvua viatu.

Tukaenda kupima. Kijana wa maabara alitoka, akaturudisha ndani, akasema rudia sampuli, labda kuna makosa. Akarudia. Sifuri zote mbili. Siyo chache, sifuri. Mume wangu alimuuliza, "Sifuri ya ngapi?"

Aliacha. Miezi mitano hakuna kitu, na miezi hiyo ilikuwa mibaya, mwili umeporomoka, hataki kuguswa, analia bafuni akidhani sisikii. Mwezi wa kumi na moja ndipo zikaanza kuonekana. Mtoto wetu sasa ana miaka miwili na nusu. Mama mkwe mpaka leo anaamini ni yale majani.

#18 Mzee wa Supu

Dada pole sana. "Sifuri ya ngapi"... nimecheka nikajisikia vibaya.

#19 Dirisha la Dawa

Dada, asante kwa kuandika. Ulichopitia kinaendana na tunachokijua. Kuna wanaume waliopewa testosteroni kwenye majaribio ya uzazi wa mpango, kwa usimamizi. Walipoacha, nusu yao mbegu zilirudi kwenye kiwango kinachoridhisha ndani ya miezi 3 na kidogo, asilimia 90 ndani ya mwaka, waliochelewa kabisa miezi 24. Sasa hao walipimiwa dozi. Wa jimu anachanganya vitu vitatu kwa dozi ya kukisia, chupa yenyewe pengine si ile iliyoandikwa. Mbegu moja inachukua siku kama 74 kutengenezwa, kwa hiyo hata baada ya dawa kuisha bado unasubiri kiwanda kipange foleni upya.

Na hilo la mwili kuporomoka na kulia bafuni, watu hawalisemi. Dawa ya nje imeisha, ya ndani bado imelala, mtu anabaki katikati hana homoni ya huku wala ya kule. Mleta uzi, ukifika hapo usikimbilie chupa nyingine. Wengi wanarudi hapo hapo.

#20 Baunsa Mstaafu

Binti wa Mkwakwani samahani dada. Mimi nina mtoto mmoja, nilimpata kabla. Wa pili tumetafuta miaka minne. Nilikuwa najiambia ni mambo ya Mungu.

Dirisha, hiyo FBP ni kituo chochote wanapima?

#21 Dirisha la Dawa

Chochote chenye maabara. Nenda asubuhi, unywe maji kwanza. Ukipata majibu uniandikie faragha.

#22 Vyuma na Maharage

Mrejesho wakuu.

Nimeonana na daktari, mama mmoja mtu mzima. Nilipoweka chupa mezani aliisoma, akavua miwani, akaniuliza nimemchoma farasi gani. Nikacheka, yeye hakucheka. Hemoglobini 18.1, hematokriti 54. Presha 148 kwa 94. Kolesto nzuri ipo chini. Ini na figo kasema vinavumilika. Homoni: LH na FSH karibu hazipo kabisa, amenionyesha kwenye karatasi, zimeandikwa kwa alama ya "chini ya".

Amesema niache mara moja, nisimeze kitu chochote cha jimu, nirudi kila wiki 4 kupima damu. Damu ikizidi kuwa nzito watanitoa kiasi wenyewe hapo hapo hospitali. Nilimuuliza kama naweza kwenda kuchangia damu tu nimalize, akasema kwanza nijiulize nani atapewa damu yenye hayo mafuta. Nikanyamaza.

Shemeji yenu nimemwambia. Nilimsomea ile #17 kwenye simu. Aliniuliza swali moja tu, chupa nyingine ziko wapi.

#23 Mpemba wa Zizini

Alhamdulillahi. Na kocha?

#24 Vyuma na Maharage

Nilimfuata. Anasema nilikuwa na damu mbaya toka mwanzo. Kisha kanionyesha chupa nyingine, hii ina picha ya ng'ombe.

#25 Bwana Mifugo

Piga picha ya lebo, mbele na nyuma, namba ya toleo ionekane, unitumie faragha. Mimi nitaipeleka TMDA, mamlaka ya dawa.

#26 Vyuma na Maharage

Wiki ya kumi na mbili toka sindano ya mwisho. Hematokriti 50. Presha 132 kwa 84. LH imeanza kuonekana namba, ndogo, lakini namba. Kifua nilichokipata kimeshuka karibu chote, fulana za Januari zinanining'inia. Kipimo cha mbegu ni mwezi ujao. Shemeji yenu amesema tunaenda wote na yeye ndiye atakayepokea karatasi.

#27 Baunsa Mstaafu

Mimi 57. Nimelazwa toka jana, nipo sawa, wanatoa damu kidogo kidogo. Nesi kasema ilikuwa inatoka kwa shida, kama tomato sosi. Dogo, yako 50 ni nzuri.